Muhuri Uko Wapi, Dada?

Chumbani kwangu, ghorofa ya tatu
4 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Ya pili mpe Mama, na ya tatu iweke akiba, maana najua nitakukosea kabla barua haijafika mwisho. Mimi mzima. Mafua yananisumbua kidogo, lakini mafua hayajawahi kumzuia mtu kula, kwa hiyo mwambie Mama aache kuuliza. Simu ya juzi aliimaliza yote kwa "halo, halo, unakula?" mpaka salio likaisha. Ndiyo sababu naandika. Barua haina salio la kuisha.

Kazi nimeanza huku ugenini kwenye baridi. Ni udobi ule ule wetu, ila wa majitu. Mashuka ya mahoteli na hospitali yanaletwa kwa malori, na mashine moja inameza mia kwa mkupuo. Hakuna kufikicha, hakuna kuanika, hakuna kutazama wingu. Yakitoka kwenye mashine ya pasi yanakuja kwetu sisi wakunjaji, bado yana moto. Shuka linakunjwa na watu wawili. Mnasimama uso kwa uso, kila mtu na ncha zake, mnakunja, mnakutana katikati, mmoja anapokea, mwingine anarudi kuchukua jingine. Mwenzangu ni mama mmoja mtu mzima, wanamwita Mama Foronya kwa sababu alianzia kwenye foronya miaka ishirini iliyopita. Tunakutana katikati mara mia nne kwa siku na hajaniambia hata neno.

Sasa jambo lenyewe. Wamenichukua kwa majaribio ya miezi sita. Tarehe 31 Julai msimamizi ataandika kwenye faili langu moja kati ya mawili: abaki, au arudi kwao. Na kwenye hilo faili wanataka barua ya mwajiri wangu wa zamani, yenye sahihi na muhuri, ithibitishe kwamba nimefanya udobi miaka tisa. Mwajiri wangu wa zamani ni wewe. Andika mistari mitatu tu, gonga muhuri, tuma. Picha ya simu hawaitaki, wanataka karatasi yenyewe.

Usichelewe, Dada.

Mdogo wako,
Mla Sabuni (au mmeshanibadilisha jina?)


Hapa dobini
27 Februari

Mla Sabuni wangu,

Marahaba zote tatu. Jina hatubadilishi. Mtoto aliyetafuna nusu mche wa sabuni akidhani ni peremende, na bado akaomba nusu iliyobaki, hilo ndilo jina lake mpaka anazeeka.

Barua yako tumeisoma mara nne. Mara ya tatu Mama alinikaripia kwamba nimeruka mstari. Mstari aliousema hukuuandika, lakini nani abishane naye? Anakusalimu sana. Anauliza unakula?

Huku mvua imetushika wiki mbili. Tunaanika, tunaanua, tunaanika, tunaanua. Mashati ya watu yananuka mbwa aliyelowa na wenyewe wanakuja kudai. Yule mwalimu wa suruali nyeupe kaja mara tatu, nikajificha nyuma ya pazia, akaona miguu yangu.

Nimepata mtu wa kushika pasi yako. Ni mgeni, katoka mbali. Hata akitaja kwao sisi hatupajui. Pasi anaijua, siwezi kumsingizia. Kola zake zimekaa. Lakini adabu, mdogo wangu, adabu! Juzi mchana tumeweka chakula, mimi, Mama na wale mabinti wawili wa kufua. Bwana huyo kaja, kanawa, kavuta kigoda, kaketi, kaanza kula. Na hakuna aliyemwambia karibu! Hatukuwahi hata kufungua mdomo. Tungemkaribisha, bila shaka tungemkaribisha, kwani sisi ni wanyama? Lakini si mtu anasubiri? Mama alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Nimempa wiki mbili ajirekebishe, la sivyo akatafute pasi ya mahali pengine.

Huyo Mama Foronya mvumilie. Mtu mzima hachokozwi. Vaa soksi.

Ni mimi,
Dada yako


Chumbani
22 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisomea ngazini, nilishindwa kusubiri nifike chumbani. Mashati yenu nimeyanusa hadi huku. Na hiyo miguu nyuma ya pazia imenichekesha peke yangu mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Huyo jirani naye ana hadithi yake. Wiki ya kwanza nilishuka kubisha hodi kwake nijitambulishe, kama mtu mwenye kwao. Akafungua mlango upana wa kiganja, akasema hanunui kitu. Nikamwambia siuzi. Akafikiri kidogo, akasema hata hivyo hanunui, akafunga.

Chumba changu ni kizuri. Kitanda, meza, kiti kimoja, na bomba la maji moto linapita ukutani, nalianikia soksi. Dirisha linatazama ukuta wa nyumba nyingine, kwa hiyo sisumbuliwi na mandhari.

Kazini tuko vizuri. Tunapendana sana. Kuna joto. Mchana ninakula pale kwenye toroli la mablanketi, ni pahali pazuri tu.

Na huyo mgeni wako kweli hana haya! Mtu anaketije kwenye chakula cha watu bila kukaribishwa? Mimi siwezi. Hata nikae na njaa mwaka mzima, kama hakuna aliyenitazama akasema karibu, kiti cha mtu sikigusi. Ndivyo ulivyonilea na nimeshika.

Ile barua ya kuthibitisha kazi sikuiona kwenye bahasha. Nimeitikisa, nimeipasua pembeni, nimechungulia ndani kwa jicho moja. Labda umeituma peke yake?

Mdogo wako


Dobini
19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani nimechelewa, na samahani kwa simu ya Jumapili, mtandao ulikuwa unakatika vibaya sana. Mama mzima, goti tu. Binti mmoja wa kufua ameposwa na hafui tena, anaimba. Mvua imeacha, sasa tunalia vumbi.

Yule mgeni bado yupo. Wiki mbili zake ziliisha nikamwongeza mbili, kwa sababu ya kola. Halafu nikaona kisirani cha moyoni kinanitia vidonda vya tumbo, nikamwuliza waziwazi: "Wewe, kwenu mtu anakula bila kukaribishwa?" Akanitazama kama nimemwuliza kama kwao watu wana miguu. Akasema, "Kwetu chakula kikishawekwa, ni cha aliyepo. Mtu akisimama pembeni tunasema ametununia. Akisimama tena kesho tunasema anatudharau. Siku ya tatu hatumtazami."

Basi nikapiga pasi mashati sita. La saba nikalikumbuka toroli lako.

Mdogo wangu, hilo toroli la mablanketi liko chumba gani? Na wenzako wanakula wapi? Hapana meza hapo? Nani amekununia, au ni wewe uliyewanunia? Nijibu ukweli. Usiniletee "tunapendana sana". Nimekubeba mgongoni mimi, nakujua. Ukidanganya unaandika sentensi fupi fupi.

Mgeni anasema nawe uvae kofia, joto la mwili linatokea kichwani. Sijui kalitoa wapi.

Dada yako


Chumbani
11 Mei

Dada,

Shikamoo, na hii uipokee vizuri kwa sababu leo nakiri.

Meza ipo. Ni ndefu, ya watu kumi na wawili, kwenye chumba cha chai. Tangu Februari sikuwahi kuikaribia. Siku ya kwanza niliingia na mkebe wangu wa chakula, nikasimama mlangoni nisikie karibu. Watu wakanitazama, wakaendelea kula. Nikasubiri. Nikahesabu mpaka hamsini. Nikatoka. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikaenda kwenye mablanketi, nikala nimesimama, na ndivyo ilivyokuwa miezi mitatu. Nilijua wananichukia. Nilikuwa na hakika kabisa, Dada. Nilikuwa nikirudi chumbani nashindwa hata kuwasha taa.

Na kuna jingine nililokuficha. Mwishoni mwa Aprili msimamizi aliniita. Akasema mikono yangu ni mizuri, hajaona mkunjo wa kuukosoa. Lakini wenzangu wote wanasema kitu kimoja: huyu bwana anatudharau. "Hapa shuka linakunjwa na wawili," akaniambia. "Mtu asiyejichanganya siwezi kumweka." Akaandika kwenye faili. Sijui aliandika nini, ila aliandika kwa muda mrefu.

Basi barua yako ikaja. Nilisoma maneno ya mgeni wako mara tatu na nikasikia masikio yanawaka. Kesho yake mchana nikachukua mkebe wangu, nikaingia chumba cha chai, nikavuta kiti cha kwanza nilichokiona, nikaketi. Utadhani nimeiba. Mama Foronya alikuwa amesimama na kikombe mkononi, ananitazama mimi, anatazama kiti, ananitazama mimi. Kumbe nimekaa kwenye kiti chake! Nikaruka. Akanisukuma bega chini kwa kidole kimoja, na neno lake la kwanza kwangu tangu Februari likawa hili:

"Kaa. Kina mguu mbovu, nilikuwa natafuta wa kumwachia."

Wakacheka. Nikacheka nami. Kiti kikayumba kweli, wakacheka zaidi. Halafu yeye akaniuliza, "Ulikuwa unatukimbia nini? Sisi tulidhani vyakula vyetu vinakunukia vibaya." Nikawaeleza kwa lugha yao niliyonayo, ambayo ni kama suruali fupi, inaishia magotini. Nikaonyesha kwa mikono: kwetu anayekula husema neno, anayekuja husubiri neno. Mpakiaji mmoja wa lori, jibaba la mabega, akapiga meza. "Miezi mitatu ulikuwa unasubiri neno moja?" Nikasema ndiyo. Akashika kichwa.

Sasa kila nikiingia chumba kizima kinanipigia kelele "karibu!" Wamejifunza. Wanalitamka kama wanapiga chafya, lakini wanalitamka. Nimenenepa kilo mbili, mwambie Mama.

Sasa, Dada. Msimamizi ameniuliza tena ile barua. Na Jumapili ile nilikuwa nakusikia vizuri sana kwenye simu. Nilisikia hata jogoo wa jirani. Mtandao haukukatika, wewe ndiye uliyejikata, tena pale pale nilipotaja barua. Kuna nini? Muhuri uko wapi, Dada?

Mdogo wako anayekula ameketi


Dobini
2 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Tulipofika penye kiti kibovu Mama alipiga vigelegele, majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Nimefurahi mno. Mwambie huyo Mama Foronya namsalimu na Mungu amzidishie.

Muhuri upo. Umekauka wino.

Huku mambo mengi. Mgeni ametukazia kamba za kuanikia, zile zilizokuwa zinashuka mpaka kuku wanapanda. Mgeni kasema tuweke paa la bati jepesi juu ya kamba tusiogope mvua, nikamwambia miaka kumi na tano nimeanika bila bati, akasema "na miaka kumi na tano umeloa." Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu mgeni kaniletea bati. Mwalimu wa suruali nyeupe hana tena la kusema, maana mgeni kamtolea doa la mchuzi ambalo mimi nilishalizika. Mama anampenda mgeni. Mimi namwona mtu wa kawaida tu.

Goti la Mama linaendelea. Vumbi linaendelea.

Dada yako


Chumbani
20 Juni

Dada wa mimi,

Shikamoo. Barua yako ina ukurasa mmoja. Nimehesabu: "mgeni" mara tano, "muhuri" mara moja. Mtu wa kawaida tu, sawa. Huko tutafika baadaye, na Mama nitampigia mimi mwenyewe aniambie vizuri.

Wino unauzwa duka la kona, hatua arobaini kutoka mlangoni kwako. Nimezipima kwa miguu yangu miaka tisa.

Jirani wa chini kanigongea mlango wiki iliyopita. Nikadhani nimekanyaga kwa nguvu. Kumbe kashika kitambaa cha meza chenye doa jeusi, kaniuliza, "Wanasema wewe ni fundi wa madoa?" Nikakilaza, nikakifanyia kama ulivyonifundisha, polepole kutoka ukingoni kuja katikati. Kikatoka. Akasimama pale mlangoni hajui aondoke vipi, nikamwambia karibu ndani, akaingia akaketi kwenye kiti changu kimoja, mimi nikakaa kitandani. Akaniambia habari za mkewe aliyefariki, ndiye aliyekishona kile kitambaa. Alikaa saa mbili. Kumbe mtu yule anaongea!

Dada, siku arobaini na moja zimebaki. Hata wanipende vipi, faili lisilo na barua halijakamilika, na msimamizi ni mtu wa karatasi. Sikuwahi kukuambia hivi, kwa hiyo sasa nakuambia: nataka kubaki. Nimepazoea. Ninapoamka asubuhi ninajua nani atanitania na kwa jambo gani. Kama kuna kitu nilikukosea wakati naondoka, niambie, nitapiga magoti hata kwenye simu. Ila tuma barua.

Mdogo wako


Dobini
8 Julai

Mdogo wangu,

Leo nianze mimi kukusalimu, kwa sababu leo mkubwa ni wewe.

Barua yako imo humu ndani, nyuma ya hii. Ina mistari mitatu, sahihi, na muhuri nimeugonga mara mbili kwa hasira zangu mwenyewe. Wino haukukauka. Haukuwahi kukauka.

Niliiandika tarehe 28 Februari, siku moja baada ya kukujibu. Nikaiweka chini ya godoro. Kila posta ilipofunguliwa nilisema kesho. Sikuwa na hila ya kukuangamiza, Mungu shahidi. Nilipiga hesabu ya mjinga tu: barua isipofika, watamrudisha. Watamrudisha, na mimi sitakuwa nimesema kitu. Atashuka na begi lake, nitampokea, nitamwambia pole, nitampa pasi yake. Nilimwona Mama anavyokaa karibu na simu. Nilikuona kwenye kila kona ya hii nyumba. Wewe si mdogo wangu tu, wewe nilikulea, na ulipoondoka nilibaki nafanya kazi kama mtu aliyekatwa mkono mmoja. Basi nikakufanyia hila. Huku nakuhangaikia uketi mezani, na huku nakukalia barua. Mtu mmoja huyo huyo! Nilipoandika habari ya toroli nililia kwa uchungu wako, halafu nikaenda kulala juu ya barua yako.

Hivi ndivyo barua ilivyonitoka. Wiki jana mgeni alipata barua ya kwao, ya dada yake. Akaisoma, akaikunja, akashika pasi, lakini hakupiga. Pasi ikapoa mkononi. Chakula kikawekwa, na yeye ambaye hajawahi kusubiri karibu hakuja. Nikamfuata. Akasema dada yake anamtaka arudi. Anamwuliza unafanya nini huko kwa watu wasiokujua, nani anakuangalia ukiumwa. Mdogo wangu, nilikasirika! Nilitaka kuichana hiyo barua. Nikasema moyoni, mwanamke gani huyu mchoyo? Mtu ana kazi yake, ana pasi yake, ana watu wanaomwekea sahani, Mama wa watu anamchagulia kipande kikubwa, na yeye anamng'ang'ania! Nikaenda hadi mlangoni na hasira zangu, nikarudi, nikaketi. Mwanamke huyo nilimjua. Analala juu ya godoro langu.

Na nikafikiri yuko mama mmoja huko, mnakutana naye katikati ya shuka mara mia nne kwa siku, ambaye akinijua atataka kunichana mimi.

Nimekwenda posta mwenyewe, sikumtuma mtu. Karani kasema wiki tatu, labda nne. Nimepiga hesabu na najua maana yake. Ikichelewa, ni mimi niliyekukata. Utanisamehe au hutanisamehe, lakini ujue kwamba nimekwambia.

Mgeni hajaamua. Mama anasema ataamua vizuri kama kuna mtu atamwambia neno. Mama akome.

Dada yako


Chumbani
5 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Na Mama. Na mgeni pia, kama ameshakuwa mtu wa kuamkiwa na mimi, sijui, mtaniambia.

Barua yako imefika tarehe 2. Ndiyo, siku mbili baada. Sasa tulia, keti, mpe Mama maji, nikueleze.

Tarehe 31 nilivaa shati jeupe na kwenda kwa msimamizi nikiwa nimeshakunja nguo zangu kwenye begi. Akafungua faili. Akasema kazi safi, kujichanganya safi, karatasi ya mwajiri haipo. Akatoa kalamu. Nikasema ndiyo, haipo. Sikukutaja. Mlango ukafunguliwa bila hodi, Mama Foronya akaingia, na nyuma yake jibaba la lori, na nyuma yake chumba chote cha chai. Mama Foronya alikuwa na karatasi. Akasema, "Nani anajua kama mtu anaweza kukunja? Si anayekunja naye?" Walikuwa wameandika wao. Mistari mitatu: anajua kazi, anajua watu, kiti anacho. Sahihi kumi na moja, moja ya mafuta ya dizeli. Msimamizi akasoma, akasema vizuri sana, lakini haina muhuri.

Jibaba la lori likatoka. Likarudi na ule muhuri mkubwa wa idara ya ukaguzi, unaogongwa kwenye magunia ya mashuka kabla hayajapelekwa hospitali. Likaugonga kwenye karatasi, paa! Kwa hiyo, Dada, mdogo wako sasa yumo kwenye faili rasmi kwamba amekaguliwa na hana doa.

Msimamizi alijitahidi asicheke, akashindwa. Ameandika: abaki.

Barua yako nimempelekea vilevile. Ameiweka juu ya ile nyingine.

Sasa nisikilize, maana umeniomba radhi kurasa mbili na mimi sikustahili hata mstari mmoja. Ile miezi ya toroli, kila nilipokuandikia tuma barua, nilikuwa nikienda kwenye sanduku naomba isiwemo. Naapa. Nilikuwa nafungua bahasha zako kwa hofu, nikikuta haimo napumua. Nilikuwa nimeshapanga: watanirudisha, nitafika nyumbani bila aibu, nitasema si mimi niliyeshindwa, ni Dada aliyechelewesha. Nilikuwa nakutegemea unikwamishe. Sikuweza kukuandikia kwamba nataka kurudi, kwa sababu uliuza cherehani yako kuniandalia safari, na nilikumbuka ulivyocheka kituoni ili nisione unalia. Niliona.

Ungeniandikia neno moja tu mwezi wa tatu, "rudi", ningefika kabla ya barua yenyewe. Na ningekuandikia mimi ukweli, ungekuja kunichukua kwa miguu. Tumshukuru Mungu, Dada, sisi ni waongo.

Mdogo wako